Chukulia Mtungi Umejaa

Asubuhi za vitendo, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walinawa mikono kwa mdomo. Bomba la chumba cha mazoezi liliacha kutoa maji enzi za darasa lililowatangulia, kwa hiyo kila mmoja alisogea kwenye sinki, akasugua viganja hewani na kutamka kwa sauti, "Nanawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka." Mkufunzi aliweka alama ya vema. Aliyemaliza alikwenda kusimama kando ya kitanda, mikono ameiinua isiguse kitu, kama inavyompasa mtu aliyetoka kunawa.

Kitandani alilala Shangazi. Huyu alikuwa mdoli wa mpira, mkubwa sawa na mwanamke mzima, aliyeletwa chuoni kwa msaada ndani ya sanduku la mbao pamoja na skrini yake ya kuonyesha mapigo ya moyo na pumzi. Kifuani alikuwa na spika. Nyuma ya kioo cheusi alikaa fundi ambaye kazi yake ilikuwa kumsemea maradhi na kubonyeza vitufe ili namba kwenye skrini zipande au zishuke. Fundi alikuwa na sauti nzito ya kiume, na aliposema "Sista, uchungu umenianza," wanafunzi waliuma midomo wasicheke. Baadaye walizoea, wakawa wanamzalisha bila shida.

Mkufunzi mwenyewe, wanafunzi walimwita Mama Chukulia, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Chukulia maji yapo. Chukulia sindano ina dawa. Chukulia mtungi umejaa. Mtungi wa oksijeni uliokuwa kando ya Shangazi haukuwahi kuwa na kitu, na hapo hakuna wa kulaumiwa, maana ni nani mwenye akili angepoteza hewa ya wagonjwa kwenye pua ya mpira? Kwa hiyo chuoni pale ilikuwapo kanuni moja, na kila mwanafunzi aliijua kabla hajajua mfupa wa paja unaitwaje: kilichotamkwa kimefanyika. Hata kwenye mtihani, mgonjwa kufa hakumpunguzii mtu maksi. Kilichopunguza maksi ni kusahau kutaja.

Aliyekuwa hasahau alikuwa Pasi. Walimpa jina hilo kwa sababu ya sare yake, ambayo mama yake aliinyoosha kila jioni mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Mama huyo alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, na kwa cherehani hiyo alimsomesha binti yake tangu darasa la vidudu hadi chuo cha uuguzi, huku vumbi la vitambaa likimjaa kifuani kidogo kidogo. Wote wawili walikuwa wakisubiri kitu kimoja tu, cheti. Cheti kikipatikana, mama atafunika cherehani, na Pasi ataajiriwa. Walizungumzia jambo hilo kila siku wakati wa kula, na hawakulichoka.

Msimu wa mvua ulipoanza, fundi aliomba ruhusa kwenda kutibiwa macho. Asubuhi hiyo hapakuwa na mtu nyuma ya kioo, na spika ilikuwa imechomolewa. Shangazi akaugua mwenyewe. Miguu yake ya mpira ilivimba mpaka ikang'aa, paji la uso likatoka jasho, na kwa sauti ya mwanamke wa makamo akasema, "Jamani, niinueni kidogo, nikilala hivi nazama." Mwanafunzi wa zamu alitaja kumwinua, akataja mito miwili, akataja sindano ya kupunguza maji mwilini. Shangazi alimtazama mpaka mwisho. "Na jikoni nimeacha maharage motoni," akasema, halafu akafa, na mstari kwenye skrini ukanyooka.

"Hilo ni tatizo la kifaa," Mama Chukulia alisema. "Maksi zako ziko palepale."

Fundi aliporudi aliambiwa kwamba kazi yake imekuwa nyepesi. Akachunguza waya, akakuna kichwa, akaenda kukaa mahali pake nyuma ya kioo, kwani mshahara wake ulikuwa wa kukaa pale.

Mchana wa siku ileile Shangazi alipovimba miguu, Pasi na wenzake walipelekwa wodi ya wanawake katika hospitali iliyopakana na chuo. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mama aliyevimba miguu. Alikuwa akimwambia kila apitaye kwamba nyumbani ameacha maharage motoni, na kwamba akilala hivi anazama. Muuguzi wa zamu, mhitimu wa chuo kilekile, aliyepita mikononi mwa Mama Chukulia, alifika akasimama miguuni pa kitanda, akaunganisha mikono mbele. "Namwinua mgonjwa," akatamka taratibu. "Namwekea mito miwili. Nampa sindano ya kupunguza maji." Akaandika saa, akamgusa mgonjwa bega kwa upole, akahamia kitanda kinachofuata. Mama yule alibaki amelala chali vilevile.

Lazima isemwe kwamba wauguzi wa wodi ile hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wasafi, wana lugha nzuri, hawapigi kelele, na ndugu wa wagonjwa waliwasifia mjini kote kwa sababu pale mtu alielezwa kila kinachofanyika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kesho yake asubuhi kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

"Ni yuleyule Shangazi wa jana," mmoja wa wanafunzi alisema.

"Ndiye," alisema mwingine, wakaenda kunywa chai.

Tangu hapo mambo yakashika utaratibu. Ugonjwa aliokuwa nao Shangazi asubuhi, ndio wanafunzi waliukuta wodini mchana, kwa mgonjwa mmoja mahususi, pamoja na kovu lake, chale yake na neno lake. Na mgonjwa huyo hakuwa akifika asubuhi ya pili. Wanafunzi walimwambia Mama Chukulia. Alifurahi kweli. Akasema kwa muda mrefu chuo kimekuwa kikilalamikiwa kwamba masomo hayalingani na hali halisi ya wodini, na sasa kila mtu amejionea. Mkuu wa chuo alileta wageni kumtazama Shangazi. Siku hiyo alikuwa na kifafa cha mimba, wageni wakapiga picha.

Pasi alikuwa akiona yote hayo na moyo wake ulikuwa ukifanya uzito. Usiseme hakuona. Lakini mtihani ulikuwa unakaribia, na mtu aliye karibu kufika mlangoni haanzi kuuliza nyumba imejengwa na nani. Jioni alifanya mazoezi sebuleni, mto ukiwa mgonjwa, na mama yake akiwa kwenye cherehani akimsahihisha.

"Hukutaja kunawa," mama yake alimwambia akikohoa.

"Nimetaja, mama."

"Hukutaja. Mimi nina masikio."

Siku moja kabla ya mtihani, mama alishindwa kumaliza mshono. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti, akivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Pasi alimwita dereva wa jirani, wakampeleka hospitalini. Walimpa kitanda katikati ya wodi. Muuguzi wa zamu alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akaunganisha mikono. "Mgonjwa anapumua kwa shida," akatamka. "Nafungua mtungi. Namvalisha barakoa. Nampa oksijeni lita tano kwa dakika."

Na Pasi akatulia. Hili ndilo la kushangaza katika habari hii, ikiwa kuna la kushangaza. Msichana mwenye macho mawili mazima, amesimama kando ya mama yake mzazi, haoni mtungi wala barakoa, lakini amesikia hatua zote zimetajwa kwa mpangilio, hata moja haikurukwa, na mabega yake yakashuka. "Ahsante, sista," alisema. Akamfunika mama yake shuka, akamwambia ameshapewa oksijeni, alale. Mama akaitikia kwa kichwa. Pasi akarudi nyumbani, akainyoosha sare yake mwenyewe, akalala usingizi mzito.

Chumba cha mtihani kilikuwa kilekile cha mazoezi. Mtahini wa kutoka nje alikaa mezani pamoja na Mama Chukulia, fundi alikuwa nyuma ya kioo chake. Pasi aliingia, akasugua viganja hewani, akataja maji na sabuni, akasogea miguuni pa kitanda.

Shangazi alikuwa mwembamba leo. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, shingo inajikunja kila akivuta pumzi. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, na kucha ya kidole gumba ilikuwa imepasuka katikati, namna inavyoota kucha iliyowahi kupitiwa na sindano ya cherehani. Akasafisha koo mara mbili. Pasi alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa akisafisha koo mara mbili kabla ya kuuliza jambo.

"Mwanangu," alisema Shangazi, "umekula?"

Namba kwenye skrini zilikuwa zikishuka. "Anza," alisema mtahini.

"Mgonjwa anapumua kwa shida," Pasi alitamka. "Nafungua mtungi." Na mkono wake, kwa hofu tu, si kwa ujasiri wowote, ukaenda kwenye mtungi ukaufungua kweli. Akatega sikio. Hakikutoka kitu.

"Endelea," Mama Chukulia alisema kwa upole. "Chukulia umejaa."

Pasi alimtazama mama yake kitandani, kisha akaukumbuka uso wa jana na shuka aliyomfunika, akaona kwa mara ya kwanza kwamba uso ule haukuwa na barakoa. Alitamani kulia lakini hakukuwa na nafasi. Akatoka.

"Mwanafunzi anatoka," alisema mtahini.

"Hakutaja," alisema Mama Chukulia kwa masikitiko.

Stoo ya hospitali ilikuwa mwisho wa korido. Mzee wa stoo alikaa mlangoni akifuta mtungi wa oksijeni kwa kitambaa. Nyuma yake ilisimama mingine, mirefu, inang'aa, imepangwa ukutani mpaka gizani. Pasi alimuuliza kama ina kitu ndani.

"Imejaa yote," mzee alisema. "Ilivyokuja ndivyo ilivyo."

"Mbona haiendi wodini?"

"Nani aje kuichukua? Kila nikiuliza naambiwa mgonjwa ameshapewa." Alimsaidia kuulaza mmoja kwenye kitoroli, akamwombea njia kwa watu waliokuwa wamekaa sakafuni. Hakuuliza karatasi, kwa kuwa hapakuwahi kuwa na mtu wa kumwomba karatasi.

Wodini mama yake alikuwa amelala vilevile alivyomwacha, shuka kifuani, midomo rangi ileile ya midomo ya mpira. Pasi aliusimamisha mtungi, akafunga mpira wa kupitishia hewa, akamvalisha barakoa. Mikono yake ilikuwa inafanya kitu ambacho kinywa chake kilikuwa kimefanya mara nyingi mno. Muuguzi wa zamu alikuja.

"Huyu si nimeshampa?"

"Ndiyo, sista," Pasi alisema. "Nampa tena."

Akafungua. Hewa ikapiga mluzi, na muuguzi akaruka nyuma akatazama chini ya kitanda, kwani alidhani ni nyoka. Wagonjwa wengine waligeuza vichwa. Baada ya muda kifua cha mama kikaacha kuvutana na shingo. Akafumbua macho, akamwona binti yake amevaa sare, akajaribu kuinyoosha kola iliyokuwa imepinda. Pasi alilia hapo, na hakujizuia.

Matokeo yalipotoka, Pasi alikuwa ameanguka. Mama Chukulia alimwita ofisini, akamkaribisha kiti. Hakuwa na hasira naye hata chembe. Alimweleza kwamba baada ya yeye kutoka, Shangazi alikaa kitako, akajipangusa uso, akaomba chai, na mtahini akaandika kwamba vifaa vya chuo viko katika hali nzuri.

"Lakini wewe, mwanangu, hukutaja," alisema. "Hukutaja kutoka, hukutaja kurudi. Nikupe maksi ya nini?"

"Mama yangu alikuwa anakufa, mwalimu."

"Pole sana. Kapona?"

"Kapona."

"Tumshukuru Mungu. Basi utarudia mtihani."

Pasi aliuliza kuhusu wagonjwa wengine wodini. Mama Chukulia alishangaa swali. Alisema wale wanapewa kila siku, asubuhi na jioni, aende akasikilize mwenyewe. Pasi akauliza kama mtungi mmoja uliojaa ungeweza kuletwa darasani, wanafunzi wausikie tu mlio wake. Hilo nalo mkufunzi alilikataa, na alikuwa na sababu: oksijeni ni ya wagonjwa, haichezewi. Ule mtungi wa mama yake ulikuwa umesharudishwa stoo, mzee ameufuta vumbi, ameupanga na wenzake.

Mama aliruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari alimkataza kabisa kukaa karibu na vitambaa. Cherehani ilifunikwa kabla ya wakati wake, na sebule ikawa kimya hata ukasikia saa ya ukutani. Sasa nyumba nzima ilikuwa imeegemea cheti ambacho hakijapatikana. Pasi alimsimulia mama yake kila kitu, Shangazi, kucha, mitungi inayong'aa. Mama alisikiliza hadi mwisho akisugua kidole gumba.

"Sasa watakupa mtihani mwingine?"

"Watanipa."

Mama akasafisha koo. "Wewe mwana, mimi nimepona. Wakikuambia sema, sema. Ukishapata kazi utafanya unavyotaka wewe."

"Na atakayekuwa kitandani siku hiyo?"

Mama alitazama dirishani. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, mtaa mzima ulimjua kwa huruma. "Naye ana wa kwao," alisema, akaenda kuchemsha maji ya kuogea.

Asubuhi ya kurudia mtihani, Pasi alipita njia ya wodini, ingawa ya nje ilikuwa fupi zaidi. Kwenye benchi la korido alikaa bibi mmoja amempakata mtoto mchanga aliyekuwa akilia kwa njaa. Ndani, kitanda cha karibu na mlango, alilala msichana wa rika la Pasi, nywele amesukwa nusu, nusu nyingine imeachwa. Alikuwa akihema haraka haraka. Muuguzi alikuwa ametoka kwake muda si mrefu. Pasi alisimama pale kidogo, kisha akakumbuka kwamba ukichelewa mlango unafungwa.

Chumbani, Shangazi alikuwa na nywele zilizosukwa nusu. Kifua cha mpira kilikuwa kimelowa maziwa, yamepenya mpaka kwenye shuka. Mtahini alikuwa yuleyule. Akamwambia Pasi kwamba mara hii wakimwona anasogelea mlango, hatarudia tena, atakwenda nyumbani moja kwa moja.

"Nimeelewa, mwalimu."

"Anza."

Miguu ya Pasi ilitaka kuondoka. Aliihisi kabisa inavyotaka, magoti yalikuwa yameshaelekea upande wa korido, na stoo ilikuwa palepale, mzee yupo mlangoni, mitungi imejaa. Akaikaza sakafuni. Akaunganisha mikono mbele.

"Nanawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka," akatamka. "Mgonjwa anapumua kwa shida. Nafungua mtungi. Namvalisha barakoa. Nampa oksijeni lita tano kwa dakika."

Sauti yake ilikuwa nzuri, imetulia, kila neno na nafasi yake. Mama Chukulia alifumba macho kusikiliza. Msichana wa kitandani alikuwa akiufuata mdomo wa Pasi kwa macho, kama mtu anayesubiri kulishwa.

"Ahsante, dada," alisema.

Namba kwenye skrini zikashuka kwa utulivu. Pasi alitaja kumpima mapigo, akataja kumfunika, akataja kumwarifu daktari. Mstari ulinyooka alipokuwa katika hatua ya mwisho, naye hakuiruka. "Mgonjwa anapumua vizuri," akatamka. Mtahini akampa mkono. Mama Chukulia akamkumbatia, akamwambia sare yake inapendeza.

Alitoka kupitia korido. Bibi alikuwa bado kwenye benchi, mtoto ameishiwa nguvu za kulia, ananyonya ncha ya kanga. Alipoiona sare akainuka nusu, akamshika Pasi mkono kwa vidole vyake vikavu.

"Sista," alisema, "binti yangu yule wa karibu na mlango. Anaendeleaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Pasi sista. Alimtazama mtoto, akatazama mlango wa wodi, akaunganisha mikono mbele.

"Ameshapewa oksijeni, mama," alisema.

Bibi akashusha pumzi, akamshukuru sana, akaketi tena benchini kusubiri.